Darubini Ni ya Mtutu, Si ya Bastola

Haya ni mazungumzo kuhusu kuchagua darubini ya kulengea ya bastola, niliyoyatoa mbele ya Waswahili wenzangu tunaowinda pamoja hapa Texas, siku tuliyokutana kusawazisha silaha, yaani kuzirekebisha ili risasi igonge pale unapolenga, kabla ya msimu wa dia, kulungu wa huku Marekani. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Mzee mwenyekiti, wazee wangu, kina dada, vijana: assalam aleikum, na habari za asubuhi. Nimepewa dakika ishirini, na naona mandazi yameshafunuliwa, kwa hiyo najua nashindana na nani.

Nianze na hiki kilichopo mezani. Hakina risasi. Mwenyekiti amekagua, nami nimekagua baada yake, na wewe ukikishika utakagua tena, hata kama umetuona. Hii ni Contender ya kampuni ya Thompson/Center. Ilianza kuuzwa mwaka 1967, ikitengenezwa Rochester, New Hampshire, na aliyeibuni ni fundi mmoja aitwaye Warren Center. Ni bastola ya risasi moja. Unaikunja katikati kama zile shotigani za babu, unatia risasi, unaifunga, unavuta nyundo nyuma, unapiga. Ukikosa, mnyama haendi kukusubiri utie ya pili.

Sasa tazameni mikono yangu. Nafungua skrubu za mbao ya mbele, mbao inatoka. Nasukuma pini ya bawaba na kijiti hiki, inachomoza upande wa pili. Mtutu unanyanyuka. Nachukua mtutu mwingine, narudisha pini, narudisha mbao, nakaza. Dakika mbili, na hapo nilikuwa naongea. Dakika mbili zilizopita nilikuwa na .22, risasi ndogo ya kupigia kuchakuro, sasa nina .30-30, risasi kubwa ya dia. Kwenye nyundo kuna kiteuzi kidogo, hiki hapa, cha kuchagua risasi inayogongwa ukingoni au inayogongwa katikati. Ukisahau kukigeuza utasikia "tak", na dia naye atasikia.

Lakini nilitaka muone jambo jingine. Darubini ilikwenda wapi? Haikubaki na fremu, yaani mwili wa bastola wenye mpini. Imeondoka na mtutu wake, imelala pale mezani juu ya mtutu wa .22, na hii .30-30 imekuja na yake. Kwenye bunduki nyingi za kawaida darubini hukaa juu ya fremu. Kwenye Contender matundu ya skrubu yametobolewa kwenye mtutu wenyewe. Ndiyo maana kila mwaka mtu akinipigia simu, "Kaka, nimenunua Contender, niweke darubini gani?", namjibu kwa swali: mtutu upi?

Wengi hawalipendi swali hilo. Mtu ameshaona darubini dukani, kubwa, inakuza mara 12, inang'aa, na anataka nimwambie ni nzuri. Huenda ni nzuri. Lakini kwa mtutu wa .44 Magnum wa inchi 10, utakaompigia nguruwe pori kwenye kichaka yadi 40, ni kama kumtazama mke wako kwa tundu la ufunguo. Utaona jicho moja vizuri sana.

Nguruwe wenyewe mnawajua. Mimi ni mtu wa Tanga na simli, lakini mwenye shamba ninakokwenda ananiomba kila mwezi nimpunguzie, maana wanamfukulia mahindi usiku kucha. Tangu Septemba 2019 sheria ya Texas haitaki hata leseni ya kuwinda nguruwe hao kwenye ardhi ya mtu binafsi, almuradi mwenye ardhi amekuruhusu. Kwa hiyo ndio shule yetu wengi. Na ndiko nilikojifunza kuhusu kukuza.

Ilikuwa jioni, jua limeshazama, nimekaa chini na mgongo kwenye mti, bastola juu ya goti. Kundi likatoka kwenye mto, kama sita hivi, yadi 60. Darubini yangu ilikuwa ya kubadilisha, mara 2 hadi 8, na mchana niliipeleka 8 nikiwa kwenye benchi la mazoezi nikaiacha hapo. Nikainua. Nikaona nyasi. Nikasogeza kushoto: nyasi. Kulia: nyasi, halafu kitu cheusi, halafu giza kabisa, maana kichwa kilitoka kidogo kwenye mstari. Nikashusha bastola, nikawaona wote sita kwa macho yangu matupu wakitafuna. Nikainua tena. Nyasi. Wakaondoka taratibu bila hata kunijua.

Hapo mambo matatu yalinipiga kwa pamoja, na nataka niyaeleze moja moja kwa sababu ndiyo yanayotenganisha darubini ya bastola na ya bunduki.

La kwanza ni umbali wa jicho. Darubini ya bunduki imetengenezwa ili jicho likae sentimita 8 mpaka 10 nyuma ya lenzi. Ya bastola imetengenezwa kwa mkono ulionyooshwa, kwa hiyo jicho linaweza kuwa sentimita 30 hadi 60 nyuma. Hivi ni vyombo viwili tofauti, hata kama vinafanana sura. Nilipokuwa mgeni wa mambo haya sikujua. Duka moja liliniuzia darubini ya bunduki, nikaifunga juu ya mtutu wa .30-30 wa inchi 14. Kunyoosha mkono sioni kitu, duara dogo jeusi tu. Nikakunja viwiko, nikaileta karibu, karibu zaidi, mpaka picha ikajaa vizuri. Nikavuta. Alama iko hapa, juu ya nyusi, mtaiona wakati wa chai. Nyuzi tatu hospitalini, na muuguzi akaniuliza kama nimegombana na mtu.

Kwa hiyo hakikisha imeandikwa kuwa ni ya bastola. Leupold wametengeneza za mara 2 na mara 4 zisizobadilika, pamoja na ya mara 2.5 hadi 8. Burris wana ya mara 2 hadi 7. Za namna hii ndizo utakazokuta hata kwenye meza za vitu vilivyotumika. Sitawaambia nunueni ipi. Nasema pima kwanza mkono wako. Simama unavyosimama ukipiga, bastola tupu mkononi, mwenzako apime kwa kamba ya fundi cherehani kutoka kwenye jicho lako hadi pale lenzi ya nyuma itakapokaa. Mimi nikinyoosha mikono ni sentimita 52. Nikiegemeza kwenye kijiti na kukunja viwiko ni 40. Mwanangu ni mfupi kuliko mimi, yeye ni 45 na 36. Namba zako mbili ndizo utakazokwenda nazo dukani, na darubini isiyozimeza zote mbili uiache huko huko.

Na hapa kuna mtego. Darubini inayobadilika ikiwa chini, mara 2 au 3, inakusamehe: kichwa kikienda mbele kidogo, nyuma kidogo, bado unaona. Ukiipandisha hadi 7 au 8, ile nafasi ya jicho inakuwa finyu. Ndiyo maana mimi jioni ile nilikuwa naona nyasi, halafu giza. Darubini ilikuwa nzima, ni mimi niliyeifungulia pale isipokubali kichwa kinachotikisika.

La pili, mwanga. Chukua upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, gawanya kwa idadi ya mara inazokuza. Unapata upana wa mwale unaotoka nyuma kuja kwenye jicho. Ile ndogo ya mara 2 yenye lenzi ya milimita 20 inatoa mwale wa milimita 10. Ya mara 4 yenye 28 inatoa 7. Darubini ya 32 ukiifungua hadi mara 8 inatoa 4 tu. Mboni ya jicho la binadamu gizani hufunguka mpaka milimita 7 hivi kwa kijana, na sisi wenye mvi ni chini ya hapo. Maana yake, mara 8 jioni unaubana mwanga mwenyewe, na mara 2 mwale ni mpana hata kuliko mboni, kwa hiyo jicho likiyumba kidogo bado limo ndani. Dia hapa anaruhusiwa kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama, na mnajua wenyewe anatoka dakika zipi.

La tatu ni mtikisiko. Darubini haikuongezei utulivu. Inakuonyesha tu kwamba hukuwa nao. Ukiwa mara 8 na mikono mitupu, msalaba wa kulengea ulio ndani ya lenzi unacheza chakacha juu ya mnyama, unaanza kuuvizia upite begani ndipo uvute, na hapo umeshaharibu. Ukiwa mara 2 mtikisiko ni ule ule, ila haukutishi.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, bila kukuza utapigaje mbali? Nimjibu kwa hadithi ya kweli. Mwaka 1976 lilianzishwa shirikisho la kulenga sanamu za chuma kwa bastola, IHMSA, na Elgin Gates ndiye aliyelisimamisha. Mchezo wenyewe asili yake Mexico, kwa bunduki. Kwa bastola waliweka kuku mita 50, nguruwe mita 100, bata mzinga mita 150, kondoo dume mita 200. Sanamu za chuma, na lazima ianguke. Kuigusa tu hupati kitu. Contender iling'aa sana kwenye mchezo huo. Na watu walikuwa wanawaangusha kondoo wale kwa vilengeo vya kawaida vya chuma, bila lenzi yoyote, wengi wamelala chali na bastola imeegemea mguuni. Kwa hiyo mita 200 si suala la kukuza mara 12. Ni suala la mwili kukaa, kidole kuvuta, na kuijua risasi yako.

Basi turudi kwenye mitutu, maana ndiyo iliyonileta.

Mtutu wa .22 huu wa kuchakuro nimeuwekea mara 4 isiyobadilika. Kuchakuro ana kichwa kama ndimu, na hapo kukuza kunasaidia kweli, tena teke la bastola ikilia halipo, naweza kuegemea mti na kutulia. Jambo moja la kuangalia: darubini iko juu ya tundu la mtutu kama sentimita 4. Ukiisawazisha yadi 50, kuchakuro akiwa hatua sita mbele yako risasi itapita chini ya msalaba karibu sentimita hizo zote. Nimekosa wengi kwa hilo, tena wa karibu kabisa, wananitazama.

Mtutu wa .44 wa inchi 10 hauna lenzi ya kukuza. Nimeuwekea kioo cha nukta nyekundu. Wazee wengine wananicheka, wanasema ni kitu cha watoto wa michezo ya video. Lakini haina shida ya umbali wa jicho: nyoosha mkono, kunja, nukta iko palepale. Macho mawili wazi. Nukta yangu ni ya dakika 2 za pembe, maana yake kwa mita 50 inafunika kama sentimita 3, na moyo wa nguruwe ni mkubwa kuliko hapo. Ubaya wake ni betri. Naibadilisha kila Eid ndogo, iwe imeisha au haijaisha.

Mtutu wa .30-30 wa inchi 14, huu wa dia, una mara 2 hadi 7. Natembea nayo ikiwa 2. Nikishaketi mahali penye egemeo, na eneo ni wazi, naweza kupanda hadi 4. Saba naitumia benchini tu, kutazama matundu kwenye karatasi nisiende na kurudi. Mtaniuliza basi kwa nini nisinunue ya mara 2 au 4 isiyobadilika, nyepesi na yenye vitu vichache vya kuharibika. Ni kweli. Ningeanza leo ningefanya hivyo.

Mwenye mtutu mrefu wa inchi 16 na zaidi, wa kufunga na kitako cha begani, huyo anahitaji darubini ya kawaida ya bunduki, maana sasa jicho liko karibu. Na hapa nisimame kidogo, kwa sababu si suala la lenzi tena. Mtutu wa chini ya inchi 16 na kitako cha begani havikutani kwenye fremu moja, hata kwa dakika, hata kwa picha ya WhatsApp. Sheria ya shirikisho ya 1934 inaihesabu kuwa bunduki fupi, na bila kusajiliwa ni jinai. Thompson/Center wenyewe walifikishana na serikali hadi Mahakama ya Juu kuhusu seti yao yenye vitu vyote viwili, wakashinda mwaka 1992. Waliruhusiwa kwa kuwa mtu anaweza kuviunga kihalali. Ukiviunga vibaya, kesi hiyo haikukingi. Kwa hiyo utaratibu: ukitoka bastola kwenda bunduki, weka mtutu mrefu kwanza, ndipo kitako. Ukirudi, toa kitako kwanza, ndipo mtutu mfupi. Na ndugu zetu wenye viza za muda, msiguse hata hii ya mezani kabla hamjaongea na wakili. Siwatishi, nawapenda.

Sasa kufunga. Hapa ndipo pesa zinapolala, na hakuna anayependa kuzitumia.

Bastola ni nyepesi, kwa hiyo teke lake ni la ghafla. Fremu inarudi nyuma na darubini inataka kubaki ilipo. Mmepanda daladala mmesimama, dereva akaondoa gari kwa pupa: gari linakwenda, nyie mnabaki, na kilichowaokoa ni lile bomba mliloshika. Skrubu za darubini ndizo mikono yenu. Darubini ikiwa nzito zaidi, skrubu zinateseka zaidi. Kwa .22 pete mbili za kushikia darubini zinatosha. Kwa .30-30 mimi nina pete tatu, na wale wenye risasi za kibabe zaidi, .375 JDJ na ndugu zake, hufunga hata nne. Baadhi ya mitutu ya zamani sana ina matundu mawili tu juu. Ukiipata hiyo katika risasi kali, mpelekee fundi wa silaha aongeze, usibahatishe.

Mimi kazi yangu ni kuchonga vyuma, nimekaa kwenye mashine miaka mingi, na bado niliwahi kukata skrubu. Nilikaza kwa hasira ya kutaka isilegee. Skrubu ndogo hizi zinahitaji bisibisi ya kupimia nguvu, kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji na si zaidi. Futa mafuta matunduni kwa spiriti, pakaza gundi ya skrubu tone moja, la bluu, ile inayokubali kufunguka. Halafu weka alama ya rangi ya kucha nusu juu ya skrubu nusu juu ya reli inayobeba darubini. Mke wangu aliuliza chupa yake imeenda wapi. Mstari ule ukivunjika, unajua skrubu imetembea kabla risasi hazijakwambia.

Ukishafunga, jaribu hivi ukiwa benchini, bastola imelala kwenye mifuko ya mchanga, tupu, huigusi. Tazama kwa lenzi, kisha sogeza kichwa juu, chini, kushoto. Msalaba ukitembea juu ya shabaha ilhali bastola haijasogea, hiyo ndiyo hitilafu ya jicho kutokaa katikati. Kila darubini inayo kidogo nje ya umbali iliopangiwa kiwandani. Kwenye bunduki shavu linakaa juu ya mbao, kichwa hakitoki. Kwenye bastola hakuna mbao ya shavu. Dawa yake ni kuhakikisha picha ni duara kamili, bila kivuli cheusi upande wowote, kila unapovuta.

Kwenye darubini nyingi, kila kliki ya kifundo cha kurekebishia ni robo ya dakika ya pembe, kama milimita 7 kwa mita 100, kwa hiyo kwa mita 50 ni milimita 3 na nusu. Hesabu kabla ya kugeuza. Kuna kijana hapa, simtaji, aligeuza kliki 40 upande usio sahihi, akamaliza boksi zima la risasi akitafuta karatasi.

Na swali linaloulizwa kila mara: nikibadilisha mitutu, nitasawazisha upya? Darubini na mtutu havikuachana, kwa hiyo usawa kati yao haukuguswa. Mimi nikirudisha mtutu wangu wa .30-30 naukuta palepale, au karibu mno na palepale. Ila mbao ya mbele ikikazwa tofauti inaweza kuusukuma mtutu kidogo. Risasi mbili za kuhakikisha ni bei rahisi kuliko dia aliyejeruhiwa usiku ukiingia. Anayenunua darubini moja na kuihamisha kutoka mtutu hadi mtutu, huyo atasawazisha upya kila mara, na kwa bei ya risasi sasa hivi atakuwa amenunua darubini ya pili bila kuipata.

Ndugu zetu wa Kenya mlioniuliza asubuhi kama mnaweza kwenda nayo nyumbani likizo: uwindaji kule umepigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo hata msianze maswali ya kusafiri nayo kwa ndege. Iacheni kwenye kasha.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kamba ya kupimia iko hapa mezani, na daftari la kuandika namba zenu mbili. Njooni wawili wawili, mmoja anyooshe mkono, mwingine apime. Mimi nimeshika mwisho huu.